Wajibu wa Idara Katika Chombo cha Angani: Mafunzo ya Apollo 13

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya kazi na wajibu. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi shughuli yangu imekuwa miundo ya idara: nani anafanya nini, nani anatoa taarifa kwa nani, na jalada linatoka meza ipi kwenda meza ipi. Najua kwamba mtu akisimama baada ya chakula cha mchana na kuanza kusoma muundo wa wizara, ukumbi mzima utasinzia, Mwalimu Mkuu akiwa wa kwanza. Kwa hiyo leo nitazungumzia muundo wa idara za chombo kimoja tu, nacho ni Apollo 13, kilichoruka kutoka Florida, Marekani, tarehe 11 Aprili 1970 kwenda mwezini.

Tuanze na waliokuwa ndani. Walikuwa watu watatu. Kamanda alikuwa Jim Lovell, na uamuzi wa mwisho ndani ya chombo ulikuwa wake. Wa pili alikuwa Jack Swigert, rubani wa chombo kikuu kilichoitwa Odyssey. Kazi yake ilikuwa kuongoza njia na kukijua chombo hicho kila swichi. Wa tatu alikuwa Fred Haise, rubani wa chombo kidogo kilichoitwa Aquarius, ambacho kilitengenezwa ili kiwateremshe watu wawili mwezini na kuwarudisha kwa mwenzao. Vijana wa Kiswahili watakumbuka kwamba neno rubani lilianza baharini. Rubani ndiye aliyejua miamba na mikondo, akalipitisha jahazi salama, ingawa mwenye amri alikuwa nahodha. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na huko angani nako nahodha alikuwa mmoja.

Lakini watu watatu hawawezi kukiendesha chombo cha namna ile. Idara zake nyingi zilibaki duniani, katika ukumbi mmoja mjini Houston. Kila meza ilikuwa na jambo lake. Kulikuwa na meza ya njia, iliyohesabu chombo kiko wapi na kinaelekea wapi. Kulikuwa na meza ya umeme na hewa ya chombo kikuu, na nyingine ya umeme na hewa ya chombo kidogo. Kulikuwa na meza ya mawasiliano, na meza ya daktari. Nyuma ya kila meza kulikuwa na chumba cha wataalamu wa kumsaidia aliyeketi mbele. Juu ya wote alikuwapo mkurugenzi wa safari. Wakurugenzi walikuwa wanne na walipokezana kwa zamu, kama walimu wa zamu hapa shuleni. Zamu ya usiku wa ajali ilikuwa ya Gene Kranz, mwenye umri wa miaka 36.

Walikuwa na kanuni moja ninayoipenda sana. Kwa kawaida, aliyezungumza na wanaanga alikuwa mtu mmoja tu, na yeye mwenyewe alikuwa mwanaanga. Mhandisi hakuwapigia kelele moja kwa moja, wala daktari. Kila meza ilipeleka neno kwa mkurugenzi, mkurugenzi akaamua, na sauti moja ikapanda juu. Wale waliopata kupokea maagizo matatu yanayopingana kutoka kwa wakubwa watatu katika asubuhi moja watanielewa.

Sasa tuje kwenye ajali. Ilikuwa saa tatu usiku tarehe 13 Aprili kwa saa za Houston. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 14. Chombo kilikuwa kilometa zipatazo 320,000 kutoka duniani. Meza ya umeme na hewa iliomba matangi ya oksijeni yakorogwe, kazi ya kawaida waliyokwisha kuifanya katika safari hiyo. Swigert akawasha feni. Baada ya muda mfupi ukasikika mshindo. Tangi namba 2 lilikuwa limepasuka, na tangi namba 1 likaanza kuvuja.

Oksijeni ile haikuwa ya kupumua tu. Ndiyo iliyokutana na hidrojeni katika mitambo ya chombo na kuzalisha umeme, na umeme ulipozalishwa, maji ya kunywa nayo yalipatikana humo humo. Kwa hiyo tangi lilipokwenda, umeme, maji na hewa vyote vilianza kwenda. Safari ya kuteremka mwezini iliishia hapo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwarudisha watu watatu wakiwa hai.

Wanaanga wakazima chombo kikuu ili betri zake zibaki kwa ajili ya kuingia tena katika hewa ya dunia, wakahamia katika Aquarius. Chombo hicho kilikuwa kimetengenezewa watu wawili kwa siku mbili. Sasa kilitakiwa kuwahifadhi watu watatu kwa karibu siku nne.

Tazameni jinsi idara zilivyofanya kazi hapo. Meza ya njia ilitafuta namna ya kutumia injini ya kuteremkia mwezini ili kukisukuma chombo kirudi nyumbani, kazi ambayo haikuwa shabaha ya injini hiyo. Daktari alihangaika na maji, kwa maana kila mmoja alikunywa kiasi cha mililita 200 tu kwa siku, na Haise akapatwa na homa. Kugawa umeme alikabidhiwa John Aaron, kijana wa miaka 26. Kila idara ilitaka umeme wake, na kila idara ilikuwa na sababu nzuri. Aaron alilazimika kuwaambia wengi kwamba hawatapata, au watapata baadaye. Aquarius ikapunguziwa umeme hadi kufikia ampea 12 hivi, na baridi ndani ikakaribia nyuzi 3 za sentigredi. Naye Ken Mattingly, ambaye alitolewa katika safari hii siku chache kabla ya kuruka kwa hofu kwamba angeugua surua ya Kijerumani, alisaidia kuziandaa hatua za kukiamsha chombo kikuu, zikajaribiwa katika chombo cha mazoezi duniani kabla wenzake hawajasomewa.

Njia ilipohitaji kurekebishwa kwa mara nyingine, kompyuta ilikuwa imezimwa kwa kubana umeme. Lovell na Haise wakashika mitambo ya kukielekeza chombo kwa mikono, na Swigert, ambaye chombo chake kilikuwa kimelala, akashika saa na kuhesabu sekunde 14. Hakusema kwamba Aquarius si idara yake.

Halafu kulikuwa na jambo la hewa. Hewa ya kabonidayoksaidi tunayoitoa tunapopumua husafishwa chomboni kwa makopo yenye dawa maalumu. Makopo ya Aquarius yalikuwa ya mviringo, nayo hayakutosha watu watatu. Makopo ya Odyssey yalikuwepo ya kutosha, lakini yalikuwa ya mraba. Vyombo viwili vya safari moja vilikuwa vimebuniwa na kujengwa na makampuni mawili, na kopo la huku halikuingia kule. Wataalamu wa Houston, chini ya Ed Smylie, wakakusanya mezani vitu vilivyokuwamo chomboni tu: mifuko ya plastiki, majalada ya karatasi ngumu, mipira ya mavazi ya angani na utepe wa kunatisha. Wakaunda kiungo, kisha maelezo yakasomwa kwa redio, na wanaanga wakakiunda cha kwao kwa mikono. Hewa ikasafika. Tarehe 17 Aprili 1970 wote watatu wakatua salama katika Bahari ya Pasifiki.

Ndugu Mwenyekiti, habari hii husimuliwa sana, na mara nyingi huishia hapo, kwenye makofi. Mimi kama mtu wa majalada nilivutiwa zaidi na taarifa ya uchunguzi wa chanzo cha ajali.

Ndani ya tangi kulikuwa na kipasha joto, na swichi za kukikata joto likizidi. Mwanzoni vyote viliagizwa vitumie umeme wa chombo, yaani volti 28. Mwaka 1965 kampuni iliyojenga chombo ilitoa agizo jipya kwa kampuni iliyotengeneza matangi, kwamba kipasha joto kiweze kutumia volti 65 za mitambo ya uwanja wa kurushia. Kipasha joto kikabadilishwa. Swichi hazikubadilishwa. Watengenezaji wa tangi hawakuliona hilo, wajenzi wa chombo hawakuliona, na shirika la anga la serikali lililokagua kazi ya wote wawili halikuliona.

Aidha, mwaka 1968 tangi hilo liliangushwa kiwandani kiasi cha sentimeta 5. Likakaguliwa, likaonekana zima. Mwezi Machi 1970, katika mazoezi kabla ya safari, lilikataa kumwaga oksijeni yake kama ilivyotakiwa. Wakaamua kuichemsha itoke kwa kuwasha kipasha joto, na kikawaka kwa saa nyingi kwa volti 65. Swichi zilipojaribu kukata, zikaungua na kugandana zikiwa zimewaka. Kipimo cha joto kilikuwa na kikomo cha chini. Joto lilipokipita, mshale ulibaki pale pale kana kwamba mambo ni shwari. Ngozi ya nyaya ndani ya tangi ikaungua. Tangi likajazwa tena na likapelekwa angani. Feni zilipowashwa, cheche moja ikatosha.

Mtu akitafuta idara iliyolala usingizi katika habari hii, hataipata kwa urahisi. Kila moja ilikuwa na wataalamu, ilipima na kutia sahihi. Kosa lilipita katikati ya idara, mahali ambapo agizo liliondoka meza moja kwenda nyingine na hakuna aliyelisindikiza kuona limefika lote.

Mambo haya hayako Marekani peke yake. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa katika wilaya moja kuandaa taarifa juu ya mradi wa maji uliokwama. Idara ya maji ilieleza sawasawa pampu inayohitajika, nayo ilikuwa ya umeme wa fezi tatu. Idara ya ununuzi ikanunua pampu hiyo hiyo kwa bei nzuri. Wenye umeme wakavuta laini hadi kijijini kama walivyoombwa, na fomu ya maombi ilikuwa imejazwa fezi moja. Kila niliyemwuliza alinifungulia jalada lake, akanionyesha sahihi na mhuri, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa jalada lake. Pampu ilikuwa stoo ikiwa bado na nailoni yake. Akina mama waliendelea kushuka bondeni na ndoo msimu mzima wa kiangazi, na katika taarifa yangu sikupata hata mtumishi mmoja aliyevunja kanuni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ninaouogopa katika kazi ya umma ni ule ulio kati ya ofisi na ofisi.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wengine madaktari, wahasibu, walimu. Mtapewa idara, nanyi izingatieni kweli kweli, kwa maana Aaron asingegawa umeme asioujua, na Swigert asingekiamsha chombo asichokijua. Msije mkaelewa maneno yangu kwamba kila mtu aingilie kazi ya kila mtu. Lakini ukibadilisha jambo katika meza yako, jiulize ni nani mwingine linamgusa, kisha inuka umfuate. Usitosheke na nakala ya barua. Ukipokea jambo kutoka meza nyingine, uliza lilibadilika lini na kwa nini. Na ukiona mshale wa kipimo umesimama mahali pamoja kwa muda mrefu, usifurahi upesi.

Kwenu ndugu zangu wa rika langu na walionitangulia: leo tumeunda kamati ya ukarabati wa maabara na kamati ya vifaa, na kila moja imepewa mwenyekiti na fungu lake. Sijaona katika ajenda mahali ambapo kamati hizo mbili zinakutana. Naomba wenyeviti hao wakae pamoja leo hii, kabla ya mabasi kuondoka, wakubaliane meza zitakuwa na urefu gani, soketi zitakuwa ngapi na maji yatapita wapi, ndipo mtu yeyote aende dukani. Nina hakika Mwalimu Mkuu atawapa chumba, na mimi niko tayari kuwaandikia kumbukumbu.