Waliohesabiwa kwa Kodi, Wasihesabiwe kwa Neno



Sisi wa Milanzi tumekua tukisikia habari za ufalme uliobadilika mikono pasipo mkuki kurushwa. Wazee husimulia kwamba mfalme wa hapa alikwenda kuwinda; huku nyuma wakaja wanawake watatu wageni, nao wakakikalia kiti chake. Aliporudi hakupigana. Aliwaachia nchi ya Ufipa, yeye akabaki na Milanzi yake, na heshima ya mwenye nchi wa kale. Ni masimulizi mazuri, nasi twajivunia. Hata hivyo, msikilizaji makini atagundua kwamba tangu mwanzo hadi mwisho hakuna aliyewauliza Wafipa wenyewe.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya watu waliochoka kutoulizwa. Vijana wa sekondari huwauliza makatekista wetu: kwa nini Wafaransa walimwondoa mfalme wao? Vitabu vya shule hujibu upesi: njaa na kodi. Ni kweli. Mavuno ya mwaka 1788 yalikuwa mabaya, na mwaka uliofuata mfanyakazi wa Paris alimaliza sehemu kubwa ya ujira wake kwa kununua mkate tu. Lakini njaa ilikuwapo miaka mingine pia, na wafalme wakabaki katika viti vyao. Nini basi kilichozidi?

Tarehe 5 Mei 1789 wajumbe wa Ufaransa yote walikutana Versailles. Walikuja katika matabaka matatu: makleri, makabaila, na watu wengine wote. Tabaka hilo la tatu lilikuwa na zaidi ya watu tisa katika kila kumi, nalo ndilo lililobeba mzigo mkubwa wa kodi. Lakini kwa desturi ya zamani kila tabaka lilikuwa na kura moja tu, kwa hiyo wachache waliosamehewa kodi nyingi waliweza daima kuwashinda wengi, kura mbili kwa moja. Tusifiche kwamba tabaka la kwanza lilikuwa la Kanisa. Tena tusisahau kwamba mwezi Juni mapadre kadhaa wa parokia, waliokaa karibu na wakulima na kuyajua masufuria yao, waliliacha tabaka lao wakaenda kuketi na watu wa kawaida. Tarehe 14 Julai ngome ya Bastille ikaanguka.

Tusidhani mambo hayo ni ya ng'ambo tu. Nchi yetu ya Muungano ina habari yake, na wapo bado wazee wanaoikumbuka. Visiwani Unguja na Pemba walitawala Masultani wa ukoo wa Seyyid Said, na tangu mwaka 1890 Waingereza waliwalinda. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini ardhi haikugawanywa. Mashamba makubwa ya mikarafuu yalibaki kwa matajiri, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, na maskini wengi, wazalia wa visiwa na watu waliotoka bara, walilima chini ya mikarafuu ya mwingine kwa hisani yake. Siasa za vyama zilipoingia mwaka 1957, hata hisani hiyo ilipungua: wako walioondolewa mashambani kwa sababu ya chama walichokipenda.

Watu hao hawakuanza na mapanga. Walianza na karatasi za kura. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54. Kwa jinsi majimbo yalivyokatwa, kilipata viti 13 katika 31. Serikali ikaundwa na wengine. Tarehe 10 Desemba 1963 uhuru ulikuja, na Sultani Jamshid akiwa mkuu wa nchi. Polisi wenye asili ya bara walianza kuachishwa kazi, nao wakabaki mitaani bila mshahara, wakiijua barabara njia ya kuingilia ghala za silaha. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, siku 33 tu baada ya uhuru, ghala hizo zilivamiwa. Sultani akaondoka kwa meli.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12, twasoma habari za Rehoboamu. Makabila ya Israeli yalimjia na ombi: nira iliyowekwa na baba yake ipunguzwe. Wazee walimshauri awasikilize. Yeye akawafuata vijana wenzake, akajibu kwa ukali, na makabila kumi yakaondoka. Ombi lilitangulia. Wafaransa nao waliandika malalamiko yao kijiji kwa kijiji kabla ya mkutano wa Versailles, na Wazanzibari walipiga kura. Kila mara ulikuwapo muda wa kusikia, na kila mara mwenye kiti aliutumia kwa jambo jingine. Hata katika mikutano yetu ya mitaa, na ya parokia vilevile, daftari la michango huandikwa vizuri kuliko kumbukumbu ya yaliyosemwa na watu.

Lakini hatuwezi kuishia hapo, maana tungekuwa tumeisimulia nusu. Mfalme wa Ufaransa aliuawa Januari 1793, na kabla yake na baada yake waliuawa wengi wasio wafalme, mapadre wakiwemo. Visiwani pia haki iliyodaiwa ilileta matunda: wakulima waligawiwa eka tatu tatu. Lakini katika majuma yale ya Januari 1964 waliuawa maelfu, na wengi wao walikuwa Waarabu wa vijiduka vya shambani, ambao hawakuwahi kukanyaga jumba la Sultani wala kumiliki shamba la mikarafuu. Watu waliokataa kuhesabiwa vibaya waliwahesabu wenzao kwa asili yao. Wengi wa marehemu hao hawana kaburi lenye jina.

Katika sala za waamini Jumapili hii, tunawaomba makatekista wa vigango vyote waweke nia moja kwa ajili yao, na nyingine kwa ajili ya wakulima waliofukuzwa chini ya mikarafuu. Zote mbili zisomwe.