SHAMBA LILILOACHWA SI SHAMBA LISILO NA MWENYEWE

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa kambi wanaotoka Burundi)



Leo tunazungumza juu ya ardhi. Wengi huuliza: "Itongo la baba limekaa miaka mingi bila sisi. Je, bado ni letu?" Wengine huuliza: "Nikirudi nikakuta shamba ambalo mwenyewe hajulikani, je, naweza kulichukua?" Maswali haya ni mawili, lakini yote yanategemea muda na ushahidi.

Tuanze na muda. Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986 ilimpa haki mtu aliyekaa kwenye ardhi waziwazi na kwa amani kwa miaka 30. Aliyeingia kwa nia njema alihesabiwa miaka 15. Sasa wafikirieni waliokimbia mwaka 1972. Ilipofika mwaka 2002, miaka 30 ilikuwa imetimia wakiwa bado ugenini, na mashamba ya wengi wao huko Rumonge na Nyanza-Lac yalikuwa na watu wengine.

Kwa sababu hiyo Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalisema mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 iliundwa tume ya ardhi, CNTB. Kuna mashamba iliyoyagawa kati ya aliyerudi na aliyemkuta, na kuna iliyoyarudisha yote. Muda wa tume hiyo ulikwisha mwaka 2022, kwa hiyo usipange safari yako kwa kuitegemea.

Sasa swali la pili. Kwa sheria ya Burundi, ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali. Si ya mtu anayeifikia kwanza. Anayeitaka aiombe kwa wakuu wenye mamlaka. Ukinunua kwa mtu aliyejiingiza tu, umenunua kesi. Tena, kutomwona mwenyewe si dalili kwamba hayupo. Huenda naye yuko kambini kama wewe.

Sheria ya mwaka 2011 iliruhusu ofisi ya ardhi ya komini kutoa cheti. Kabla ya cheti, mipaka hukaguliwa hadharani mbele ya majirani, na mwenye pingamizi husikilizwa. Hapo ndipo penye hatari kwa aliye mbali: siku ya kukagua mipaka, kama hakuna wa kukusemea, shamba lako laweza kuandikwa kwa jina la mwingine.

Kwa hiyo, fanyeni haya mkiwa hapa:

1. Andika jina la kilima, zone, komini na mkoa. Tangu mwaka 2025 mikoa ya Burundi ni 5 badala ya 18, na komini ni 42. Andika majina ya zamani pamoja na mapya.

2. Andika mipaka: mto, njia, miti, na majina ya majirani wa kila upande.

3. Eleza ardhi ilivyopatikana: urithi, kununua au kupewa na Serikali, na mwaka, kama unaujua.

4. Waulize wazee wanaoikumbuka, wakiwemo bashingantahe, na uandike majina yao. Mzee akifariki, ushahidi wake unakwenda naye.

5. Andika majina ya watoto wote na ya mjane, ili mmoja asiuze peke yake.

6. Tunza karatasi za asili mahali pakavu. Usimpe mtu anayedai atakufuatilia kwa malipo. Mpe nakala tu.

7. Kama una ndugu kule kilimani, mwombe ahudhurie ukaguzi wa mipaka na aseme mapema kwamba shamba lina wenyewe.

Na ukirudi ukamkuta mtu shambani, usiende na panga. Nenda kwa bashingantahe na viongozi wa kilima, na wasipoweza, nenda mahakamani na karatasi yako. Huenda naye alipewa na Serikali, na watoto wake wamezaliwa hapo.

Anayejua kuandika amsaidie jirani yake asiyejua.