Nani atamwuliza mkuu wa nyumba?

Hotuba kwa waamini siku ya Jubilei ya parokia



Baba Paroko ameniomba niseme juu ya nyumba ambayo parokia yetu inataka kuifungua kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili. Habari za matofali na mabati zimekwisha kusemwa na wengine. Mimi nimepewa jambo moja tu, ndilo uongozi.

Kwanza tupambanue maneno, maana huku kwetu tunayachanganya. Mgonjwa wa akili ni mtu ambaye ugonjwa umemwingia. Anahitaji muganga na dawa, na watu wa namna hiyo wanatunzwa kule Bukavu, katika nyumba ya Sosame, na Mafrère wa Charité. Mlemavu wa akili ni mwingine. Akili yake imekawia tangu kuzaliwa au tangu utoto: anachelewa kutembea, kusema, kuhesabu. Hakuna dawa ya kuondoa hali hiyo, lakini anajifunza polepole, maisha yake yote. (Wale wanaomwita mtoto wa namna hiyo mchawi, leo sitawajibu, nimewajibu mara nyingi katika mafundisho.)

Basi mgonjwa hulala hospitali siku kadhaa, kisha hurudi kwake. Mlemavu atakaa nasi pengine miaka 40. Mkuu wa nyumba yake anaamua chakula chake, nguo zake, rafiki zake, saa ya kuamka na saa ya kulala. Chifu hana mamlaka makubwa hivyo juu ya raia wake. Na yule aliye chini ya mamlaka hayo mara nyingi hajui kuandika barua ya kushitaki, pengine hajui hata kutamka jina lake mwenyewe.

Nitatoa mfano wa ng'ambo, unaojulikana na mapadri wengi walio hapa. Katika mwaka 1964, Jean Vanier, Mkanada aliyekuwa ofisa wa meli za vita na baadaye mwalimu wa filosofia, alinunua nyumba ndogo katika kijiji cha Trosly-Breuil, Ufaransa. Akawatoa wanaume wawili katika nyumba kubwa walimofungiwa, Raphaël Simi na Philippe Seux, akakaa nao. Akaiita nyumba hiyo L'Arche, yaani Safina. Katika mwezi wa Machi 1965, mkuu wa nyumba ya jirani, Val Fleuri, aliacha kazi pamoja na karibu watumishi wake wote, na Vanier akaombwa kuiongoza. Mtu aliyekuwa na wenzake wawili mezani akajikuta na wanaume 30 hivi! Leo L'Arche ina jumuiya zaidi ya 150 katika nchi karibu 40, hata kwa majirani zetu wa Uganda na Kenya.

Nguvu yake ilikuwa nini? Ilikuwa meza. Wenye kusaidia na wenye kusaidiwa walikaa nyumba moja, wakala chungu kimoja, na mkuu naye akamenya viazi. Katika seminari ndogo tulifundishwa kwamba neno la Kilatini minister, mtumishi, latoka katika minus, yaani kidogo, na magister, bwana, katika magis, yaani zaidi. Tuliyakariri kwa ajili ya mtihani tu, lakini mwenye kutafuta mkuu wa nyumba kama hii anaweza kuyakumbuka kwa faida.

Vanier alikufa Mei 2019, akisifiwa duniani kote kama mtakatifu. Katika Februari 2020, L'Arche yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi: alikuwa amewadhulumu wanawake kwa zinaa, akijificha nyuma ya maongozi ya kiroho. Uchunguzi wa pili, uliotolewa Januari 2023, ulitaja wanawake wasiopungua 25, kati ya mwaka 1952 na 2019. Wote walikuwa watu wazima, wala haikuonekana kwamba aliwatenda hivyo walemavu. Mwalimu wake, Padri Thomas Philippe, Mdominikani, alikuwa amehukumiwa na Roma tangu 1956 kwa makosa ya namna hiyo. Vanier alijua, na mbele ya watu alisema hakujua.

Wengine wataona haifai kuyataja haya siku ya furaha, mbele ya wageni. Mimi naona ndiyo siku yake, kabla mlango haujafunguliwa. Mtu yule aliacha ukuu wa jumuiya ya Trosly mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini neno lake liliendelea kuwa zito kupita la wakuu waliomfuata. Nani angethubutu kumwuliza mwanzilishi? Halafu, wale waliokuwa wakuu wa L'Arche katika mwaka 2020, Stephan Posner na Stacy Cates-Carney, walitafuta wachunguzi wa nje, wakayatoa matokeo hadharani, wakijua kwamba wenye kuwapa feza wangeweza kukimbia. Kwangu mimi huo ni uongozi kuliko hotuba nyingi nzuri.

Turudi kwetu. Nimesikia watu wakisema: tutafute mtu mwema, yatosha. Mtu mwema tumtafute, ndiyo. Lakini awe na muda wa ukuu uliohesabiwa, na baada yake atoke, hata tukimpenda sana, hata akiwa ndiye aliyeianzisha nyumba. Kitabu cha feza kisikae mkononi mwake peke yake. Wafanya kazi walipwe mwisho wa mwezi, maana mtumishi asiyelipwa anaondoka, na mtoto aliyemzoea analia wiki nzima bila kujua sababu. Usiku asiwepo mkubwa mmoja peke yake na watoto.

Na katika komite waingie mama wa watoto hao, si wafanyabiashara na walimu tu. Mama anajua kusoma mambo ambayo hayakuandikwa. Mtoto asiyesema anasema kwa mwili: anakataa uji aliokuwa akiupenda, anakojoa tena kitandani, anajikunja pembeni kila anapoingia mtu fulani. Komite ya wanaume wenye kalamu itaandika kwamba mtoto ana ukaidi. Mama atauliza nani alikuwa zamu.

Wenye kuweza kusema, nao waulizwe wenyewe. Sheria ya nchi yetu namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda na kuendeleza haki za mtu mwenye ulemavu, basi hatuwaombei hisani.

Kanuni za nyumba zimeandikwa, ila mahali pa muda wa ukuu pameachwa wazi. Mimi napendekeza miaka minne. Baraza la parokia litaamua Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, na mama wenye watoto hao wanaombwa kuketi mbele.