Ardhi Huibwa Kwanza Katika Karatasi

(Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya waumini na watetezi wa mageuzi)



Nimeombwa nizungumze juu ya ardhi ya umma na haki ya mwananchi kuijua. Kwa kuwa tumo katika nyumba ya ibada, naomba nianze na kisa tulichofunzwa sote tangu utotoni, kisa cha Naboti na shamba lake la mizabibu. Tunapokisimulia twakumbuka tamaa ya mfalme Ahabu na ukatili wa Yezebeli, lakini twasahau jinsi wizi wenyewe ulivyotendwa. Yezebeli hakutuma jeshi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Wazee wakaitisha mkutano, mashahidi wa uongo wakaletwa, hukumu ikatolewa. Utaratibu ulifuatwa hatua kwa hatua. Naboti aliuawa kwa karatasi kabla ya kuuawa kwa mawe.

Ndivyo ilivyo hapa kwetu. Siku mnapoamka mkaona mabati yamezungushwa kwenye uwanja wa shule, au tingatinga limesimama katika makaburi ya wazee wenu, wizi si wa siku hiyo. Ulifanywa miaka kadhaa iliyopita, ofisini, kwa kalamu. Mabati ni tangazo tu.

Nitawasimulia jambo nililolishuhudia. Wazee wa kijiji kimoja walinijia wakiwa na malalamiko juu ya kiwanja kilichotengwa kwa ajili ya zahanati tangu walipokuwa vijana. Walikuwa wamekwenda katika ofisi ya ardhi mara nyingi kuliko walivyoweza kukumbuka. Kila mara jibu lilikuwa moja: faili haionekani, rudini juma lijalo. Mimi nami niliandika barua, nikarudi, nikasubiri kwenye benchi lile lile. Faili ilipoonekana hatimaye, ukurasa wenye ramani ulikuwa umechanwa. Mzee mmoja, ambaye hakupata kusoma, aliishika faili ile akauliza, "Wakili, anayechana karatasi hii anaogopa nini?" Nimesoma sheria miaka mingi, na sijasikia swali la sheria lililo bora kuliko hilo.

Jibu lake tunalo. Mwaka wa 2003 serikali iliunda Tume ya Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Ripoti yake ya mwaka wa 2004 ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Misitu, viwanja vya shule, sehemu za barabara na ardhi za mashirika ya umma ziligawanywa kama zawadi. Sharti niseme pia jambo linaloniuma: ripoti hiyo haikuwalaumu wanasiasa peke yao. Iliwataja wataalamu, wakiwamo mawakili, wapimaji na wasajili. Sisi tuliosomeshwa kwa jasho la wakulima ndio tulioandika mikataba ile. Mnyakuzi ana tamaa, lakini bila mtu wa kumpigia muhuri, tamaa yake ingebaki ndoto.

Ikiwa karatasi ndiyo silaha ya mnyakuzi, basi karatasi iliyo wazi ndiyo ngao ya mwananchi. Kumbukeni Bustani ya Uhuru mwaka wa 1989, ilipokusudiwa kujengwa jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai alianza kwa kuandika barua. Aliwaandikia wakuu wa serikali na wafadhili akiuliza maswali. Alitukanwa hata Bungeni. Lakini mradi ule ulikufa, na bustani ingalipo. Yezebeli aliiba kwa barua. Mama huyu aliokoa kwa barua.

Siku zile kuuliza kulikuwa hatari. Hata kukutana kama tulivyokutana leo kulihitaji leseni ya utawala, mpaka sheria iliporekebishwa mwaka wa 1997. Watu walipigwa, wakafungwa, wakazuiliwa bila mashtaka ili haki hii ipatikane. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kimempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 40 kinasema kwamba ulinzi wa mali hauihusu mali iliyothibitishwa kupatikana kwa njia haramu. Na mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kiwanja cha Nyali kilichoziba njia ya wananchi ya kwenda ufuoni, iliamua kwamba hati iliyozaliwa katika ugawaji usio halali haimlindi hata aliyeinunua baadaye. Maana yake ni kwamba hati si mwisho wa maswali. Tunayo haki ya kuuliza ilizaliwa wapi, na nani alikuwa mkunga.

Najua wengine mnasema moyoni: sheria ni tamu kitabuni, lakini karani atatucheka. Huenda akacheka. Basi mjue yaliyo katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ili mcheke naye. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa ana wajibu wa kumwandikia. Hulazimiki kueleza sababu ya kutaka habari. Kuomba hakulipiwi, unalipia gharama ya nakala tu. Ofisi imepewa siku 21 kujibu. Ikikunyima, unaweza kupeleka shauri lako kwa Tume ya Haki katika Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Jibu la mdomo la "faili haionekani" halina tarehe wala saini. Barua yako inazo zote mbili, nayo itasimama mahakamani siku ile karani atakapokuwa amesahau kicheko chake.

Hivyo naomba kila parokia na kila kikundi kifanye jambo moja kabla ya Pasaka ijayo. Tembeeni katika mtaa wenu pamoja na wazee, mwandike orodha ya mali ya umma: shule, josho, soko, makaburi, chemchemi, njia ya kwenda mtoni. Kisha mwombe upekuzi rasmi wa kila kiwanja katika ofisi ya ardhi, na kila jibu lihifadhiwe mahali salama, nakala mbili. Msingoje mabati. Mnamo Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walitoka kutetea uwanja wao, wakatupiwa vitoa machozi. Uwanja ulirudishwa, lakini ni aibu kwetu sisi watu wazima kwamba waliotangulia mbele ya polisi walikuwa watoto waliovaa sare za shule.

La mwisho ni gumu, nanyi mtanisamehe. Tusiwaulize wengine maswali tusiyothubutu kujiuliza. Kiwanja hiki cha kanisa letu tulikipataje? Hati yake iko wapi, na muumini wa kawaida anaweza kuiona? Na yule mheshimiwa anayekuja kwenye harambee na bahasha nene, tumeuliza ameitoa wapi? Mimbari iliyojengwa kwa shamba la Naboti haiwezi kumhubiri Eliya.

Wazee wale wa zahanati bado wanangoja. Ramani iliyochanwa tumeitafuta kwa wapimaji, na shauri linaendelea. Sitawadanganya kwamba tutashinda. Lakini yule mzee aliyeuliza swali sasa anakwenda ofisini na daftari. Huandikiwa na mjukuu wake tarehe, jina la afisa na jibu alilopewa. Aliniambia kwamba tangu aanze kuandika, wameanza kumpa kiti.

Nendeni mkaandike.