Kazi ya Mwethya



Mmeniuliza kama kijiji maskini chaweza kujiinua chenyewe. Nitawajibu kwa habari za Machakos.

Katika miaka ya 1930 vilima vya Ukambani vilikuwa vimechakaa. Kila mvua iliponyesha iliuchukua udongo mpaka mtoni. Serikali ya kikoloni iliona dawa ni kuwapunguzia watu ng'ombe wao kwa nguvu. Ndipo mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kulalamika. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta. Lakini kazi ya kulazimishwa haina mwenyewe wa kuitunza.

Wakamba walikuwa na desturi yao, mwethya: leo majirani hulima shamba la huyu, kesho la yule. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vilianza kujichagulia viongozi, na wanawake ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi. Walichimba mfereji kukingama mteremko, wakautupa udongo upande wa juu. Ndiyo maana matuta hayo huitwa "fanya juu".

Kufikia mwaka 1990 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Basi, mkirudi nyumbani msianze kwa barua ya kuomba msaada. Ulizaneni kwanza: tutaanza na shamba la nani, na nani tunayemwamini atuongoze? Kidole kimoja hakivunji chawa.