Kura za Walioshindwa Huenda Wapi? Somo la Lesotho kwa Bunge la Tanzania

Tarehe 23 Mei 1998 wananchi wa Lesotho walichagua wabunge 80. Chama cha LCD, ambacho kilikuwa hakijatimiza mwaka tangu kimeguke kutoka chama cha BCP, kilipata takriban asilimia 61 ya kura na kutwaa majimbo 79. BNP, kilichopigiwa kura na karibu mpigakura mmoja katika kila wanne, kikaambulia jimbo moja. Mwezi Agosti wapinzani walipiga kambi kwenye lango la kasri ya mfalme mjini Maseru. Tarehe 22 Septemba majeshi ya Afrika Kusini, na baadaye ya Botswana, yaliingia nchini kwa jina la jumuiya ya SADC, watu kadhaa wakauawa, na sehemu kubwa ya katikati ya jiji ikaporwa na kuteketezwa. Kinachoufanya mkasa huo utuhusu ni kwamba tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ilikuta kasoro za uendeshaji, lakini haikuweza kusema kwamba matokeo hayakuwa matakwa ya wapigakura. Waliokuwa mitaani waliamini wameibiwa, na kwa namna fulani walikuwa na haki ya kuamini hivyo: robo ya nchi ilikuwa na kiti kimoja. Ila mwizi hakuwa kwenye chumba cha kuhesabia. Alikuwa ndani ya sheria yenyewe, mchana kweupe.

Mwenyekiti, hoja ya mada hii ni kwamba katika mijadala yetu ya Katiba tumetumia nguvu nyingi kuuliza nani anahesabu kura, na tumeuliza kwa nadra sana kura zikishahesabiwa zinageuzwaje kuwa viti. Swali la kwanza ni la lazima na sitalipunguzia uzito. Lakini hata tukileta malaika wakae kwenye tume, mfumo wa mshindi huchukua vyote ungeendelea kutupa bunge lisilofanana na wapigakura wake. Ninadai pia kwamba dawa yake si ngeni kwetu. Hesabu inayotakiwa tayari tunaifanya kila baada ya miaka mitano, ila tunaifanyia mahali pasipostahili.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Tanzania, wa mwaka 1995, unatosha kuonyesha tatizo. CCM ilipata asilimia 59 ya kura za wabunge na majimbo 186 kati ya 232, yaani asilimia 80. NCCR-Mageuzi, iliyokuwa na mvuto mkubwa wa mgombea wake wa urais, Augustino Mrema, ilipata karibu asilimia 22 ya kura na majimbo 16. CUF ilipata asilimia 5 tu ya kura na majimbo 24. Chama kilichopigiwa kura mara nne zaidi ya kingine kilitoka na viti vichache kuliko hicho kingine. Hapakuwa na miujiza. Kura za CUF zilirundikana Zanzibar, Pemba hasa, ambako majimbo ni madogo, wakati kura za NCCR, ukitoa ngome kama Kilimanjaro, zilitawanyika nchi nzima zikishika nafasi ya pili hapa na pale. Katika mfumo huu nafasi ya pili haina malipo. Anayepata asilimia 45 ya jimbo ni sawa na asiyepata hata kura moja, na wapigakura wake kwa miaka mitano wanahesabiwa kama hawakwenda kituoni. Mauritius imewahi kufika mwisho kabisa wa njia hii: mwaka 1982, na tena mwaka 1995, muungano mmoja ulizoa viti vyote 60 vya kisiwa kikuu, na kama Katiba yao isingekuwa na utaratibu wa kuwapa nafasi baadhi ya walioshindwa, upinzani ungebaki karibu bila sauti bungeni.

Ziko sababu za kuona hili kuwa zaidi ya suala la heshima ya vyama. Katiba yetu inataka theluthi mbili ya wabunge ili ibara zake zibadilishwe, na kwa baadhi ya mambo theluthi mbili ya wabunge wa kila upande wa Muungano. Kizingiti hicho kiliwekwa ili mambo makubwa yasiamuliwe na upande mmoja. Sasa chukua mwaka 2015. CCM ilipata asilimia 55 ya kura za wabunge. Majimbo yaliyopiga kura kwa wakati, 256 kwa sababu manane yaliahirishwa, yaliipa viti 188. Juu yake ikaongezewa viti maalum 64, jumla 252 kati ya 366, karibu asilimia 69. Asilimia 55 ya wapigakura iligeuka kuwa theluthi mbili na ushei ya bunge. Kizingiti kilichokusudiwa kulazimisha mazungumzo kikavukwa bila mtu kuzungumza na mtu. CHADEMA kwa asilimia 32 ya kura ikapata majimbo 34, na CUF kwa asilimia chini ya 9 ikapata 32. Nakubali kwamba takwimu za mwaka huo zina mkunjo, kwa kuwa vyama vya muungano wa upinzani wa UKAWA viliachiana majimbo na hivyo baadhi ya kura za CHADEMA zilitoka kwa wafuasi wa wenzake. Lakini mkunjo huo hauelezi pengo lenye ukubwa huu.

Wananchi wa Lesotho, baada ya moshi kutulia, waliunda Mamlaka ya Mpito ya Kisiasa, kila chama kati ya 12 vilivyogombea kikitoa wajumbe wawili bila kujali ukubwa wake. Walibishana kwa muda mrefu, kisha wakakubaliana juu ya mfumo mchanganyiko uliotumika mwaka 2002. Majimbo 80 yalibaki kama yalivyo, na viti 40 vya fidia vikaongezwa. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: unagawanya kura zote kwa viti 120 kupata bei ya kiti kimoja, unagawanya kura za kila chama kwa bei hiyo kupata stahili yake, kisha unatoa majimbo ambayo chama kimeshashinda. Kinachobaki ndicho kinachojazwa kutoka kwenye orodha. LCD kwa asilimia 55 ya kura ilistahili viti kama 66, lakini ilikuwa imeshinda majimbo 77, kwa hiyo haikupata kiti hata kimoja cha fidia. BNP kwa asilimia 22 ilipewa 21. Kwa uwiano kamili ingepata 26 au 27, ila ziada ya LCD ilikula sehemu ya wengine. Hata hivyo vyama kumi viliingia bungeni, na Maseru haikuungua. Mwaka 2012 serikali ilishindwa, waziri mkuu akaondoka madarakani kwa amani na serikali ya mseto ikaapishwa, jambo ambalo nchi hiyo ilikuwa haijalizoea.

Sasa turudi kwetu. Ibara ya 78 ya Katiba inasema viti maalum vya wanawake vigawanywe kwa uwiano wa kura za wabunge ambazo kila chama kimepata, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5. Yaani Tume yetu ya Uchaguzi, kila uchaguzi, huketi na kukokotoa uwiano wa kura nchi nzima. Kasoro ni hatua moja tu: viti hivyo hugawanywa juu ya majimbo, bila kuangalia chama kimeshavuna nini huko. Kilichokwishashiba hupakuliwa tena kwa kijiko kilekile. Tuifanyie hatua hiyo marekebisho kwa takwimu za 2015. Tukiacha kiti kimoja cha ACT-Wazalendo na kimoja cha NCCR, zinabaki nafasi 364 za kugawanywa kwa vyama vitatu vilivyovuka asilimia 5. Stahili ya CCM inakuwa kama viti 210, ya CHADEMA 121, ya CUF 33. Toa majimbo waliyokwishashinda, na viti maalum vinakuwa 22 kwa CCM, 87 kwa CHADEMA na kimoja kwa CUF, badala ya 64, 36 na 10. Idadi ya wanawake bungeni haipungui hata mmoja. CCM inabaki na wingi wa wazi, asilimia 57, wa kutosha kupitisha bajeti na sheria zake. Inachopoteza ni uwezo wa kubadili Katiba peke yake, uwezo ambao wapigakura hawakuwa wameipa.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito zaidi, linatoka Lesotho kwenyewe. Baada ya 2012 serikali za mseto zilianguka moja baada ya nyingine, mwezi Agosti 2014 kukawa na jaribio la mapinduzi, na uchaguzi ukarudiwa mwaka 2015 na tena 2017. Je, tunataka hayo? Jibu liko katika aina ya serikali. Lesotho ni ufalme wa kibunge: waziri mkuu anaishi au anaanguka kwa kura za bunge, kwa hiyo wabunge watano wakihama chama, serikali inatikisika. Rais wa Tanzania huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na hategemei wingi wa bunge ili abaki Ikulu. Mseto ukivunjika hapa, kitakachochelewa ni muswada, nchi itaendelea kuwa na rais. Kwa maneno mengine, mfumo wa urais unatupa nafasi ya kuwa na bunge la uwiano kwa gharama ndogo kuliko wanayolipa wenzetu. Aidha, jeshi la Lesotho lilikuwa limejiingiza katika siasa tangu miaka ya 1980, na lingeendelea kufanya hivyo chini ya mfumo wowote wa kura.

Pingamizi la pili ni la ujanja. Mwaka 2007 vyama vikubwa vya Lesotho viligundua mwanya. Kwa kuwa mpigakura alikuwa na karatasi mbili, moja ya jimbo na moja ya chama, LCD iliwaelekeza wafuasi wake wampigie mgombea wake jimboni na kukipigia chama mshirika, NIP, kwenye orodha. LCD ikapata majimbo 61, NIP viti 21 vya fidia, na mbia huyo aliyejificha akala fidia iliyokusudiwa kwa waliopunjwa. Chama cha ABC nacho kilifanya vivyo hivyo na chama cha LWP. Ugomvi ulikuwa mkubwa kiasi cha kumleta Ketumile Masire, rais mstaafu wa Botswana, kusuluhisha. Mwaka 2011 sheria ikabadilishwa, kura moja ikatumika kwa jimbo na kwa chama, na mwanya ukazibwa. Tanzania tayari inakokotoa viti maalum kwa kura ileile ya mbunge. Kile ambacho Lesotho ilikihangaikia, hapa tunacho.

Wapo wanaosema mbunge wa orodha hana mwajiri: hakuna kata inayomjua, na anayemwajibisha ni kiongozi wa chama tu. Wanaosema hivyo wana mfano wa karibu, wabunge 19 wa viti maalum ambao CHADEMA ilitangaza kuwafukuza uanachama mwezi Novemba 2020 na bado wakaendelea kukaa bungeni. Sina jibu la kumaliza ubishi huu, ila ninaona kwamba mfano huo unalaumu utaratibu wa orodha, na utaratibu hurekebishika. Orodha ziwasilishwe tume kabla ya kampeni, zitangazwe, zibandikwe vituoni kama majina ya wapigakura yanavyobandikwa, na mpangilio wake usiguswe baada ya siku ya kura. Leo mwanamke anayetaka kiti maalum CCM anapambana katika mikutano ya UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, na mpigakura wa kawaida hajui nani aliwekwa wa kwanza na nani wa thelathini hadi majina yatangazwe.

Pingamizi la nne linasema: hesabu gani hizi, wakati mwaka 2025 CHADEMA, kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, haikuwa hata kwenye karatasi ya kura, na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ukaambatana na vurugu, kukatwa kwa intaneti na amri ya kutotoka nje usiku? Kweli, fidia ya uwiano haimpi chochote asiyeruhusiwa kugombea. Lakini jiulize kwa nini kumwondoa mshindani kuna faida kubwa hivyo. Pale ambapo tofauti ya kura chache katika kila jimbo ndiyo tofauti kati ya bunge zima na kutopata kitu, kila aliyeko madarakani ana sababu ya kuogopa kushindwa kidogo, na kila aliye nje ana sababu ya kuona kushindwa ni kufutwa. Bunge la uwiano linapunguza thamani ya ushindi wa hila, kwa kuwa kura 40 katika kila 100 zitaleta kama viti 40 kwa vyovyote vile.

Linabaki jambo moja ambalo wabunifu wa sheria watalazimika kulikabili mapema, nalo ni Zanzibar. Kati ya majimbo 272, hamsini yako Zanzibar, wakati kwa sensa ya 2022 Zanzibar ilikuwa na watu wapatao milioni 1.9 katika nchi ya watu milioni 61.7. Uwakilishi huo wa ziada ni sehemu ya makubaliano ya Muungano. Tukiweka kura zote kapu moja, chama chenye ngome Pemba kitaonekana kimezidishiwa viti na kitanyimwa fidia, kama CUF katika hesabu ya hapo juu, na Wazanzibari watasema, kwa haki, kwamba Bara imerudisha kwa mlango wa nyuma kilichotolewa kwa mlango wa mbele. Pendekezo langu ni makapu mawili: viti vya fidia vya Bara vikokotolewe kwa kura za Bara, vya Zanzibar kwa kura za Zanzibar, kila upande na bei yake ya kiti. Hilo litahitaji kurekebisha Ibara ya 78, na marekebisho ya Katiba yatahitaji angalau theluthi mbili ya wabunge, yaani ridhaa ya chama kilekile ambacho hesabu ya sasa inakipendelea.