Tuijue Pemba kwa Miguu Yetu
Hotuba ya kamati ya utamaduni na vijana katika mkutano mkuu wa mwaka wa jumuiya



  Tumetakiwa tueleze kwa nini mwaka huu, pamoja na zahanati na madawati, tumeleta mbele yenu jambo ambalo baadhi yenu mmelionea ajabu: njia za matembezi ya siku moja kisiwani kwetu Pemba.

Tuulizane kwanza. Sisi tulioko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Maskati na London, ni wangapi tumefika Ras Mkumbuu? Ni wangapi tumewapeleka watoto wetu? Mtoto akija likizo hushuka bandarini Mkoani, akapakiwa garini hadi kwa bibi, akazungushwa kwa jamaa, akala, akarudi. Nyumba ya bibi anaijua. Nchi ya bibi haijui.

Na nchi yenyewe ni ya kutembea. Waarabu wa kale waliiita Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, na hawakukosea. Vilima vyetu si virefu, lakini haviishi: unapanda kwenye mikarafuu, unashuka kwenye bonde la mpunga, unapanda tena. Msimu wa mavuno karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, na harufu inakupokea kabla hujaiona nyumba. Hata mikarafuu hiyo ina historia. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo uchumi wa karafuu ukaegemea vilima vyetu.

Tumependekeza njia tatu za kuanzia.

Ya kwanza ni Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake. Gari linakufikisha upande wa Ndagoni, kisha unaifuata rasi kwa miguu, bahari ikiwa huku na huku. Muulizeni mwenyeji habari za maji kujaa na kupwa kabla hamjatoka. Mwisho wa njia kuna magofu ya msikiti mkubwa na makaburi ya nguzo, ya aina ile ile inayoonekana Gede na Kunduchi. Msafiri Al-Masudi, aliyepita pwani hii mnamo mwaka 916, aliandika habari za kisiwa cha Kanbalu kilichokuwa na Waislamu, na wanahistoria wengi wanaona kuwa ni Pemba aliyoikusudia. Mtoto anayeambiwa shuleni kwamba historia yake ilianza na meli za Wazungu, apelekwe pale asimame mwenyewe.

Ya pili ni Pujini, kusini mashariki ya Chake. Ni mwendo wa kilomita kama kumi kutoka mjini, kwa hiyo mwenye miguu anaweza kwenda asubuhi na kurudi alasiri. Pale pana mabaki ya ngome ya karne ya 15, yenye chumba cha chini ya ardhi. Ndiyo ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye jina lake peke yake linatosha kueleza watu walivyomwona: anayewakama wanaume. Wazee husimulia kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Husimulia pia habari za kisima kilichotiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Wataalamu wamechimba na kuandika habari za kuta. Masimulizi haya yamo vinywani mwa wazee, na wazee wanatutoka.

Ya tatu ni kaskazini: msitu wa Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi, hadi kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Ngezi ni mabaki ya msitu wa asili uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa. Ukiingia kutoka kwenye jua la barabarani, utaelewa babu zetu waliikuta Pemba ya namna gani.

Sasa tuseme lile ambalo wengine wamelisema pembeni. "Watu hawana dawa, nyinyi mnataka kuchangia matembezi?" Ni swali la haki, na tunalijibu. Fungu la zahanati na la madawati hayaguswi. Haya ni makusanyo mbali. Lakini tukumbuke pia kwamba wageni wengi wanaokuja Pemba huja kuzamia kwenye matumbawe. Hulala hotelini, huingia baharini, huondoka. Vijiji vilivyo kwenye vilima haviwaoni, wala haviioni pesa yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni afike kwanza kwa mwenyeji.

Na hili limeshafanyika kwetu. Yule popo mkubwa wa Pemba, ambaye makazi yake ya asili ni kisiwa hiki tu duniani kote, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa. Wanavijiji wakaamua kumlinda. Leo popo hao ni maelfu, na Kidike mgeni hulipa kiingilio kwenda kuwatazama mitini. Hakikujengwa kitu kikubwa. Watu walikithamini walichonacho, wakaweka utaratibu.

Wengine wamehofia heshima ya vijiji. Nasi tunayo hofu hiyo. Kwa hiyo hakuna njia itakayofunguliwa bila ridhaa ya sheha na wazee wa shehia, na wao ndio watakaoweka masharti: mavazi ya stara, hodi kabla ya kupita uwanjani kwa mtu, hapana kupiga picha za watu bila ruhusa, na hapana kuokota hata kigae kwenye magofu. Jiwe likiondoka pale, halirudi.

Tunaomba mchango kwa mambo manne. Kwanza, vibao vya njia, vitakavyowekwa kwa kibali cha ofisi inayohusika na mambo ya kale. Pili, mafunzo ya waongozaji vijana, wake kwa waume, pamoja na huduma ya kwanza. Tatu, kurekodi masimulizi ya wazee wa Pujini na Ndagoni wangali hai. Nne, nauli na chakula ili kila skuli yetu ipeleke darasa moja kwa mwaka. Hili la nne msilidharau. Mlinzi wa magofu ya kesho ni mtoto aliyepelekwa leo.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Asiye na nyingi alete kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Na asiye na kitu kabisa, tunamwomba jambo moja tu: safari ijayo ya nyumbani atenge siku moja, avae viatu vya kutembelea, achukue maji na tende, awashike mkono watoto wake, amtafute mwenyeji wa kumwongoza, apande kilima.